Kaye ya ekipe ya nkambo



Mara nyingi mnasikia sauti yangu kwa mambo yasiyopendeza: nani alichelewa kwa sala ya asubuhi, nani hakufagia, nani alipanda ukuta. Kapita wa wanafunzi hana marafiki wengi, ninajua, na sinung'uniki. Leo sikuja na liste ya adhabu. Nakuja na habari ya ekipe moja ndogo ya mupira ya hapa Likasi, ambayo haimo katika kitabu chochote. Lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, sababu bila lile kosa nisingeijua hiyo habari.

Mnakumbuka mechi yetu ya mwezi wa pili, ile tuliyofungwa 4 kwa 1 pale nyumbani kwetu. Liste ya wachezaji niliiandika mimi. Walinda goli tulikuwa nao wawili. Mmoja ni wa siku nyingi, kijana mwema. Wa pili alifika kwetu mwanzo wa mwaka wa masomo kutoka Mwene-Ditu, na kila mtu mwenye macho aliona kwamba yeye ndiye mlinda goli wa kweli. Basi usiku mmoja, nyuma ya nyumba ya kulala, wakanijia vijana watano. Wakasema: "Kapita, ule hapana. Goli ya Katanga italindwa na mutoto ya Katanga." Mimi nilicheka. Sikusema ndiyo, sikusema hapana, nilicheka tu kama mtu aliyesikia mchezo. Kesho yake nikaandika liste, na jina la yule kijana halikuwamo. Hakuna aliyenilazimisha. Mkono uliandika wenyewe.

Kwa mapumziko ya Pasaka nilienda nyumbani, komini ya Panda, kwa nkambo wangu mzaa baba. Nkambo ana miaka 75 na masikio yake yamechoka, lakini habari ya mupira anaisikia hata ukiisema chini chini. Akaniuliza namna gani tulifungwa mabao manne. Nikamweleza yote, na habari ya liste nikamweleza kwa kucheka, nikidhani naye atacheka. Hakucheka. Akaniangalia muda mrefu, akaingia chumbani, akatoka na kitu kilichofungwa katika plastiki. Ilikuwa kaye moja nene, jalada lake la bluu limekuwa jeupe, na harufu yake ni ya moshi na mende. Akasema: "Soma. Miye nilikuwa sekretere."

Jina la ile ekipe sitaliandika hapa. Wenyewe wachache wangali hai, na kuna mambo katika kaye ambayo si yangu kuyatangaza. Niseme tu ilikuwa ekipe ya kambi ya wafanyakazi, ilianza mwaka wa 1974 na ilikufa mwaka wa 1992.

Kwa wadogo wa darasa la kwanza, ambao hawajui kambi ilikuwa nini, nirudi nyuma kidogo. Mji wetu, uliokuwa ukiitwa Jadotville mpaka mwaka wa 1966, ulizaliwa na shaba. Union Minière iliundwa mwaka wa 1906, na wakati huo hapa hapakuwa na watu wa kutosha kufanya ile kazi yote. Basi wakatafuta watu mbali: Kasai, Lomami, Rodezya ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, hata Ruanda na Urundi. Kwanza walichukua wanaume peke yao kwa miezi michache. Lakini kuelekea mwaka wa 1928 kampuni iliona inapata hasara kila mara kumfundisha mtu mpya, ikaanza kuwaita waje na bibi zao, wakae. Ndipo zikajengwa zile nyumba za mistari, na dispansari, na shule, na kantini ya posho. Na kiwanja cha mupira! Wazungu wa kampuni hawakuwa wajinga; mtu aliyechoka na mupira siku ya posho hana nguvu ya kufanya mkutano wa mishahara.

Mule ndani ya kambi Muluba wa Kasai alipakana nyumba na Musanga, Mubemba, Mutshokwe, Muluba wa Katanga. Kila mmoja na lugha yake. Hiki Kiswahili chetu, ambacho watu wa Tanzania wakikisikia wanashika kichwa, kilikomaa mule. Nkambo anasema mtu alikijua kwa sehemu tatu: kazini, sokoni na kiwanjani, na cha kiwanjani ndicho kilichoingia haraka, sababu ukichelewa kuelewa neno "piga" mupira umekwisha kuchukuliwa.

Na sisi Waprotestanti tukubali kwa unyenyekevu kwamba katika mambo ya mupira mapadri walitutangulia. Ile Mazembe mnayoililia kila juma haikuanza na matajiri. Ilianza mwaka wa 1939 kule Élisabethville, ambayo ni Lubumbashi ya leo, katika shule ya Wabenedikto iliyoitwa Institut Saint-Boniface. Ilikuwa ekipe ya shule kama yetu! Jina lake la kwanza lilikuwa Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la mipira ya magari, na kwa jina hilo ikachukua kombe la Afrika mwaka wa 1967 na tena 1968. Lile la 1967 lina mchezo wake: walitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, na kwa mechi ya tatu Kotoko hawakuja.

Ekipe ya nkambo haikuwa na bahati kama hiyo. Ilizaliwa katika aibu. Mwezi wa sita mwaka wa 1974 Zaire ilicheza Kombe la Dunia kule Ujerumani, ya kwanza kutoka Afrika nyeusi. Watu wote wa kambi walikaa karibu na redio. Scotland wakatufunga 2, Yugoslavia 9, Brazil 3, na sisi hatukupata hata bao moja. Ile siku ya mabao tisa, nkambo anasema, watu walirudi nyumbani kimya kama wanatoka mazikoni. Mwezi uliofuata vijana kumi na wanane wa kambi, wengi wao mafundi wa fonderi, wakakutana chini ya mti na kusema: basi tucheze wenyewe.

Mlinda goli wao alikuwa rafiki mkubwa wa nkambo. Walizaliwa mwaka mmoja, nyumba ya tatu na nyumba ya nne ya mstari mmoja. Baba yake alitoka Kasai. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa na Kasai hakuifika. Alimpenda Kazadi Mwamba wa Mazembe kuliko chakula. Wakubwa wanamkumbuka Kazadi: ndiye alikuwa golini tulipochukua Kombe la Afrika mwaka wa 1968, na alikuwa pia katika ekipe ya 1974 iliyolichukua tena. Kwa ile mechi ya Yugoslavia kocha alimtoa Kazadi baada ya mabao matatu, akamwingiza Tubilandu, maskini, akala sita. Kwa hiyo rafiki wa nkambo, mtu akimcheka kwa habari ya tisa, alijibu siku zote: "Kazadi hakufungwa tisa. Alifungwa tatu. Hesabu muzuri." Nkambo alipolisema hilo neno alicheka mpaka akakohoa.

Kaye yenyewe inaanza na sheria. Nilizinakili kwa biki yangu. Kuchelewa mazoezi: makuta 10. Kukosa bila sababu: makuta 20. Kulewa siku ya mechi: makuta 50. Na ya mwisho: "Mwenye kutukana mwenzake juu ya kabila: Zaire 1." Wakati ule zaire moja ilikuwa pesa, ilinunua kitu, hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo katika ukurasa wote, hata ulevi uko chini. Nikageuza kurasa nione nani alilipa. Kwa miaka kumi na minane walilipa watu wanne. Wa pili, mwaka wa 1979, ni nkambo. Nikamuuliza alisema nini. Akasema: "Hiyo nililipa, ilikwisha."

Baada ya sheria ni mechi na pesa, mechi na pesa. Walicheza siku ya posho, hawakucheza siku ya Mungu, sababu nkambo alikuwa shemasi na alikataa kabisa, na wale Wakatoliki wakamkubalia baada ya mabishano ya miezi mitatu (Bwana Prefe atafurahi kusoma haya). Kiwanja hakikuwa na hata jani moja. Mistari waliichora kwa majivu, na mvua ikija katikati ya mechi mistari inakwenda, kisha kila mtu anakuwa mwamuzi. Kuna mahali pameandikwa: "Bao lao la pili halikuingia. Tumeandika kwa amani." Mwaka wa 1976 walinunua mayo kumi na nne, kijani na manjano, kwa muchango wa miezi saba. Wanawake walizifua kwa zamu, na zamu zimeandikwa pamoja na bei ya sabuni. Walisafiri mpaka Kambove kwa lori la mchanga. Kombe hawakuchukua hata moja. Mara moja walifika fainali ya siku ya wafanyakazi, wakapoteza kwa penalti, na nkambo mwenyewe alipiga moja juu, ikapotea katika majani. Ameandika: "Penalti ya tatu haikufungwa." Hakuandika ni ya nani! Sekretere ni mtu hatari.

Kisha wakaunda likelemba. Kila mwisho wa mwezi mchezaji alitoa pesa, na zote zikachukuliwa na mmoja kwa zamu. Nkambo ndiye aliyezishika. Kwa likelemba ile watu walinunua mabati, baiskeli, mashine ya kushona. Baba yangu alilipiwa masomo ya mwaka mmoja kwa zamu ya nkambo. Mimi ninayeandika hapa nimekula ile likelemba bila kujua.

Kuanzia mwaka wa 1990 mwandiko unabadilika, unakuwa wa haraka. Mwezi wa tisa wa mwaka ule mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulianguka ndani. Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 80 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, mwaka wa 1994 haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikachelewa. Pesa ya muchango inaandikwa kwa sifuri nyingi, halafu nyingi zaidi. Na watu wenye njaa wakaanza kutafuta nani amewaletea njaa.

Mwezi wa nane mwaka wa 1992, kule Kinshasa waziri mkuu akabadilishwa. Aliyetoka alikuwa mtu wa Katanga, aliyeingia alikuwa mtu wa Kasai. Huku kwetu, ambako wakati ule kuliitwa Shaba, wanasiasa walikuwa wamekwisha kupanda maneno siku nyingi, na sasa maneno yakaota. Mwezi wa tisa ikafika Likasi. Watu wa Kasai wakafukuzwa katika nyumba na kazi, hata wale waliozaliwa hapa, hata wale ambao nkambo zao walizaliwa hapa. Nyumba ziliporwa, watu wakauawa. Maelfu na maelfu wakakimbilia stesheni na katika shule, wakalala mule majuma na miezi wakingoja treni. Watoto walikufa kwa kuhara na surua. Treni ilipokuja watu walijazana mpaka juu ya mabehewa, na wengine hawakufika wazima. Ile njia ya reli, iliyomalizika mpaka Ilebo mwaka wa 1928, ndiyo iliyowaleta baba zao.

Ukurasa wa mwisho ulioandikwa katika kaye ni huu: "Siku ya posho 12/9/1992. Mechi haikuchezwa. Wachezaji waliofika: 6." Chini yake majina saba, na mbele ya kila jina nukta moja ya biki. La kwanza ni la mlinda goli.

Nikamuuliza nkambo nukta ni nini. Akanyamaza. Bibi yetu akaleta chai, akarudi jikoni, na yeye bado kimya. Kisha akasema maneno haya, nami ninayaandika kama alivyosema:

"Mbele ya ile siku, bachezaji batatu balikuja hapa ku nyumba. Banasema, sekretere, bale bantu utoshe majina yabo mu kaye. Miye nilicheka. Sikutosha, sikukatala. Nilicheka tu. Nilisema mu roho, itapita. Kisha rafiki yangu akafukuzwa. Nilienda ku gare mara mbili. Mara ya kwanza nilifika pa miti ya maembe, nikaona bantu benyi, nikaona na bale bijana banasimama na fimbo, banaangalia nani anaingia kusalimia. Nikarudia. Nilikuwa na woga. Mara ya pili nilifika mpaka ndani. Banasema treni yake ilishaenda jana."

Nilifikiri amemaliza. Akafungua jalada la nyuma la kaye. Kulikuwa na bahasha, na ndani yake noti za zaire, za elfu hamsini hamsini, na picha ya Mobutu na kofia yake ya chui, mpya kabisa kama hazijaguswa. Mwezi wa tisa 1992 ilikuwa zamu ya rafiki yake katika likelemba. Nkambo alizishika ampe mwisho wa mwezi. Akazitunza. Akangoja mtu wa safari aende Kasai amtume, na mtu wa kuaminika hakupatikana. Mwezi wa kumi mwaka wa 1993 Serikali ikaleta zaire mpya: zaire milioni tatu za zamani kwa moja mpya. Zile noti zikawa karatasi. Nkambo hakula hata moja, na rafiki yake vilevile hakula. Mwaka wa 2003, kampuni ilipowaondoa wafanyakazi zaidi ya elfu kumi kwa malipo ya mara moja, nkambo alikuwa mmoja wao. Akasema siku ile alitaka atoe katika yale malipo sehemu ya rafiki yake. Lakini ampelekee nani, na wapi?

Mimi nilikuwa nimekaa na kikombe mkononi. Nkambo hakunihubiri. Aliniuliza tu: "Ule kijana anatoka Mwene-Ditu? Jina ya baba yake ni nani?" Sikujua. Nilikuwa nimekaa naye darasa moja miezi saba.

Niliporudi shuleni nilimwendea kwanza mwalimu wa michezo, nikamwambia liste ya mwezi wa pili haikuwa ya haki na kwamba kosa ni langu. Kisha nikaenda kwa kijana mwenyewe. Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzuri. Hakuningoja niimalize. Akasema: "Kapita, mi nilijua. Ni weye unaandikaka ile liste, haiko bengine." Nikamweleza juu ya kaye na ile adhabu ya zaire moja. Akafikiri. Akasema: "Basi lipa." Nikamwambia zaire haipo tena, tangu mwaka wa 1998 tuko na franka. Akasema hilo ni shida yangu mimi mwenye kaye. Tukapiga hesabu pale chini ya mti, sifuri zikatushinda, na mwisho nikalipa mikate miwili na karanga za kujaza mfuko. Alikula zote bila kunigawia. Juu ya kucheza alisema atafikiri. Alifikiri siku nne, na zile siku nne niliziona ndefu.

Kwa mechi iliyofuata liste niliisoma mbele ya wote na jina lake likiwa la kwanza. Vijana wawili walirudisha mayo zao. Mmoja amerudi tangu wakati ule, mwingine bado hanisalimii, na anaweza kusoma haya akanikasirikia zaidi. Nimekubali.

Nkambo alikuja kuangalia, na kaye ndani ya plastiki yake chini ya kwapa. Alikataa kiti cha wageni karibu na Bwana Prefe. Akaenda kukaa juu ya jiwe nyuma ya goli letu, dakika zote tisini, akibadilisha upande na goli mapumzikoni. Tulitoka 1 kwa 1. Kijana wetu alishika mipira mitatu ambayo ilikuwa mabao kamili, na kwa wa tatu akaruka kwa matako kama Kidiaba wa Mazembe kule Abu Dhabi mwaka wa 2010, na shule nzima ikapiga kelele, hata waalimu.

Baada ya mechi nikawakutanisha. Nkambo akafungua kaye, akamwonyesha kidole jina la kwanza mbele ya nukta, akamuuliza kama amepata kulisikia kule Mwene-Ditu. Kijana akalisoma polepole. Akasema hapana, Mwene-Ditu ni kubwa, lakini atamuuliza baba yake kwa simu, na baba yake anajua watu wengi waliotoka Likasi. Akaliandika lile jina mkononi mwake kwa biki.

Nkambo akafunga kaye. Tulipokuwa tunamsindikiza kwenye moto akanivuta kando, akaniambia katika sikio: "Muambie asitoke sana mbele. Anaacha goli wazi."